Pindo la Joho la Meya

Mke wangu alikuwa fundi wa joho la meya. Aliipata kazi hiyo kwa sababu ya kukaa karibu na mlango.

Alikuwa msichana bado. Cherehani yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka, ng'ambo ya ukumbi wa jiji. Siku moja meya wa wakati huo, mtu mnene, alikanyaga joho lake kwenye ngazi, pindo likaachia. Tarishi akatoka mbio, akamwona msichana ana sindano mdomoni, akamwambia, "Dada, twende. Baraza limesimama."

Akaingia. Akashona meya akiwa amelivaa, madiwani wote wanatazama. Mkasi alikuwa ameusahau, akakata uzi kwa meno. Meya akamtania, "Binti, umeitazama sana miguu yangu."

"Nimetazama pindo, mheshimiwa. Miguu ni ya mkeo."

Naibu meya alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Tangu siku hiyo joho likawa mikononi mwa mke wangu.

Joho ni moja tu. Jekundu, zito, lilishonwa kabla hatujazaliwa. Mameya wanakuja na kuondoka, lenyewe linabaki. Watu wa kila kata wanachagua diwani wao. Madiwani wakishaingia ukumbini wanamchagua mmoja wao awe meya. Safari hii mrefu, safari ijayo mfupi. Akija mpya, mke wangu alilifumua akalikunja upya kwa mwili huo. Hakuwahi kukata hata kipande. Alisema, "Nikimkatia huyu mfupi, mrefu akija atavaa nini? Jiji haliishii kwa mtu mmoja."

Kwa kupiga magoti mbele ya watu wale alilijua jiji kuliko mimi niliyelijenga. Mimi nilikuwa mwashi. Niliweka mawe, sikujua nani ameyaamuru. Yeye ndiye aliyenieleza. Meya ana kiti na joho. Funguo anazo mkurugenzi, na mkurugenzi hapigiwi kura, analetwa. Kazi yenyewe iko kwenye kamati, vyumba vya nyuma, huko ndiko wanakobishania mitaro na takataka. Wakishakubaliana jambo wanalipeleka mbele ya baraza zima, meya akiwa kitini, ndipo linakuwa neno la jiji.

Nikamuuliza, "Asipokuwepo kitini?"

"Basi walikuwa wanapiga soga."

Meya akianza kuvimba kichwa, mke wangu alimpima upya kiuno na kumnong'oneza, "Mheshimiwa, nguo ya kuazima haisitiri matako." Alikuwa na pini midomoni, maneno yanatokea pembeni. Walimvumilia. Nani angemfokea mtu mwenye pini karibu na tumbo lake?

Na kila alipomaliza kumvisha mmoja alifanya jambo lilelile. Alilaza kitambaa begani kwa mkono wa kushoto, maana alishonea kushoto, kisha kwa subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akagonga mkufu wa meya mara mbili. Ting, ting. "Haya, nenda. Usilichafue."

Mwishoni macho yake yaliharibika. Mbali aliona, karibu hakuona. Mimi karibu naona, mbali ni ukungu tu. Asubuhi nilimtungia uzi kwenye sindano zote, nikazichomeka kwenye kimto chake, naye akazitumia moja moja. Alinisomea mabango ya barabarani, mimi nikamtungia sindano. Macho mawili ya mtu mmoja.

Uchaguzi wa mwisho madiwani walimchagua mwanamke. Mkunga wa zamani, mfupi, mwenye mabega mapana. Alikuja kwetu mwenyewe kupimwa. Mke wangu akaifunga sanamu yake ya kushonea kwa matambara mpaka ikawa na umbo la yule mama: mabega yale, kifua kile, kichwa hakuna. Akaivisha joho. Akaanza pindo.

Siku chache baadaye nilimkuta ameegemeza kichwa kwenye kile kitambaa chekundu. Nilidhani anapumzika. Sindano ilikuwa bado kwenye pindo, uzi umening'inia.

Subana ilikataa kutoka kidoleni. Wanawake waliomwosha walijaribu kwa sabuni, wakaacha. Tukamzika nayo.

Watu walipomaliza kuja na kuondoka nilibaki na nyumba. Vyumba viwili: cha mbele ninakokaa, cha nyuma cha kushonea. Asubuhi niliamka, nikatunga sindano. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikazichomeka kwenye kimto, nikachukua ndoo, nikaenda bombani.

Niliporudi sindano moja ilikuwa tupu, haina uzi.

Nikasema nimezeeka, moja nimeiruka. Kesho yake nilizipitia kwa kidole, zote zina uzi. Nikaenda bombani, nikarudi mchana jua liko wima. Mbili tupu. Nikasogea kwenye sanamu, nikashika pindo, nikalileta karibu na macho. Pale uzi uliponing'inia palikuwa pameshonwa, na mshono umeendelea kiasi cha shibiri. Mishono ilikuwa imelalia kushoto.

Mlango nilikuwa nimeufunga. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni.

Sikukimbia. Ningekimbilia wapi? Niliketi chumba cha mbele nikasikiliza. Mwanzoni kimya. Kisha ile sauti ya kitambaa kizito kikivutwa juu ya goti. Kisha subana dhidi ya sindano, tik, tik. Na kuguna kule kwa mtu anayeimba na pini mdomoni. Nje watu walikuwa wanapita, mwenye mkokoteni anatukanana na mwenye baiskeli, mchana mweupe. Ndani mke wangu alikuwa anashona.

Niliposukuma mlango kulikuwa na sanamu tu. Lakini joho lilikuwa linatikisika chini, kama mtu ameliachia sasa hivi. Sikuusukuma tena mlango ule saa za kazi.

Tarishi akaja. Si yule wa zamani, ni mwanawe aliyerithi kazi, tunamwita Kengele kwa sababu ndiye anayepiga kengele ya baraza.

"Pole na msiba, mzee wangu."

"Nimeshapoa."

"Sasa, mzee, lile joho."

"Linashonwa."

Akatazama nyuma yangu. "Na nani?"

"Linashonwa, mwanangu."

Akajikuna shingo. Akanieleza lililokuwepo. Kanuni za baraza zinasema meya ataapa akiwa amevaa joho. Zamani mmoja aliapa na shati lake kwa haraka zake, wapinzani wakaenda mahakamani kusema hajaapa, jiji likalala msimu mzima. Tangu hapo hakuna anayethubutu. "Mkurugenzi anataka tulipeleke kwa fundi mwingine likatwe, yaishe. Meya mteule amekataa. Anasema bibi alimwambia asubiri."

"Basi asubiri."

"Mzee, akisubiri yeye tunasubiri wote. Kiti kitupu. Kamati ya fedha imemaliza kazi yake, makaratasi yamelala. Hata huu mtaro wenu hapa umo humo."

Mtaro wetu ulikuwa umeziba na kufurika. Wamama waliokuwa wanapeleka watoto kliniki walivuka juu ya matofali, sketi wamezishika mkononi. Niliyaona yale. Yalikuwa karibu, niliyaona vizuri.

Lakini pindo nalo lilikuwa linakaribia mwisho. Kila mchana lilizunguka zaidi, na kilichobaki kilikuwa kifupi kama mkono wangu. Nikafahamu. Pindo likifika pale lilipoanzia, hana tena cha kumleta.

Jioni hiyo nilichukua wembe, nikafumua alichokishona mchana.

Kesho yake alishona upya. Nikafumua upya. Tukaishi hivyo. Nilikuwa nampikia chai, nikaiweka mlangoni, ikapoa, nikainywa mwenyewe. Nilimsimulia habari za mtaani kupitia ule mlango. Kengele alikuja na kurudi, nikamwambia bado. Naye akasema, "Mzee, pindo hilo ni la kuzunguka dunia?"

Mishono ilianza kubadilika. Ikawa midogo, ya kubana, ya mtu aliyekasirika. Halafu jioni moja nilipotia mkono kufumua, kitu kikanichoma dole gumba mpaka mfupa. Sindano. Alikuwa ameichomeka ndani ya pindo ncha ikitazama nje, palepale ninapoanzia na wembe.

Hivyo ndivyo alivyonigombeza maisha yote. Hakufoka. Nikinywa pombe nilikuta shati langu limeshonwa mikono.

Nilikaa nikinyonya kidole. Na bado nilifumua.

Ndipo meya mteule akaja mwenyewe, mchana, bila gari la serikali. Viatu vyake vilikuwa vimelowa maji ya mtaro. Akavivua mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nilitaka kuja msibani nikazuiwa. Wakasema meya ambaye hajaapa asionekane anatembea tembea. Wananitunza kama yai." Akaketi kwenye kiti cha mke wangu, sikumkataza. "Nimepita kwenye mtaro wenu. Jana mtoto ametumbukia, mgongoni kwa mama yake. Wametolewa. Wazima."

"Nilisikia kelele."

"Mimi nimezalisha watoto wengi mtaa huu, baba. Pengine huyo nilimpokea mimi. Nilienda kwa mkurugenzi nikamwambia, zibueni. Akasema fungu halijapitishwa. Nikamwambia naibu, akasema yeye si meya. Wote wanasema kweli. Anayetakiwa kukaa kwenye kiti ni mimi, na mimi sina nguo."

Alikuwa anasema bila kunilaumu, hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Akageuza kichwa kwenye mlango wa nyuma.

Tik, tik. Kitambaa kikavutwa. Mguno ule, wa pini midomoni.

Nilidhani ni mimi peke yangu ninayesikia. Vinyweleo vya mikononi mwake vilisimama, niliviona, tulikuwa tumekaa karibu. Lakini hakuinuka. Mkunga amezoea kukaa mlangoni pa mambo.

"Nani yumo ndani?" akauliza taratibu.

"Mke wangu."

Akavuta pumzi. "Amebakisha kiasi gani?"

"Kidogo. Alikuwa amebakisha kidogo tangu mwezi uliopita."

Akaniangalia mikono. Kidole kilikuwa na kitambaa. Wembe ulikuwa mezani na nyuzi nyekundu zimeugandia. Akaelewa yote, sikuhitaji kusema.

"Baba," akasema, "mama akichelewa kujifungua hatumwambii asukume tu. Tunamwambia pia aachie."

Tukakaa. Ndani kazi ilikuwa inaendelea. Nikainuka, nikasimama mlangoni, paji la uso kwenye mbao.

"Mama watoto," nikasema. "Leo maliza. Sitagusa."

Kule ndani kukawa kimya. Kimya kirefu, mpaka nikasikia inzi dirishani. Kisha subana ikaanza tena, haraka, ile ya siku ana wateja wengi. Meya mteule alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Nikasikia uzi ukivutwa kufungwa fundo. Halafu meno. Kak.

Nikafungua. Joho lilikuwa limetulia kwenye sanamu. Pindo limezunguka lote, limelala kama limepigwa pasi. Yule mama alisimama mbele ya umbo lake mwenyewe lisilo na kichwa, hakuligusa. Akasema, "Lichukue wewe, baba. Mimi bado naogopa."

Siku ya kiapo Kengele alinipeleka akanikalisha juu, kwenye viti vya wananchi. Kutoka pale sikuona mtu. Niliona ukungu wa vichwa, na katikati kitu chekundu kikitembea. Akaapa. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti, haikutetemeka. Chekundu kile kikapanda, kikafika kwenye kiti, kikageuka kutukabili.

Ndipo kwenye vipaza sauti nikasikia: ting, ting.

Chuma juu ya chuma. Mara mbili.

Diwani mmoja akanung'unika kwamba fundi mitambo anachezea waya. Nikamuuliza Kengele, "Nyuma ya meya amesimama nani?"

"Nyuma yake ukuta, mzee."

Meya hakuketi mara moja. Baadaye Kengele aliniambia kwamba aligeuza shingo akatazama bega lake, na kitambaa cha begani kilikuwa kimelala chini kama kimepapaswa. Mimi nilisikia tu alichosema, kidogo sana, ila kipaza sauti kilikuwa wazi na ukumbi mzima ukakisikia.

"Asante, mama. Sitalichafua."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ana mama yake mle ndani. Akaketi. Kengele akapiga kengele yake. Hoja za kamati ya fedha zikaanza kusomwa, na mtaro wetu ulikuwa wa tatu. Waliosema ndiyo walikuwa wengi. Nikateremka ngazi kwa kushika ukuta.

Jiji lilizibua mtaro wiki hiyo. Joho liko kabatini kwa mkurugenzi, na ufunguo ni wake.

Niliendelea kutunga sindano asubuhi chache. Niliporudi kutoka bombani zote zilikuwa na uzi. Leo nimezitoa nyuzi moja moja, nimezikunja, nimeziweka. Mlango wa chumba cha nyuma nimeuacha wazi, kusudi hewa ipite.