Aliyebaki Benchini

Mtu akihama, vyombo hupakiwa, lakini yapo mambo hujipakia yenyewe. Ndivyo ilivyomkuta Yusta alipotoka Mbalizi kumfuata Jofrey, baba wa watoto wake, aliyepata kazi ya kupasua mbao Mafinga.

“Huko hakuna anayetujua, Mama Isakwisa,” Jofrey alimwambia wakifunga godoro kwa kamba. “Tunaanza upya.”

“Tukianza upya, si tubariki ndoa kwanza?”

“Umeanza! Nisimamishwe mbele ya watu na ndevu zangu hizi, kama mwizi wa kuku? Mimi siendi.”

Basi. Hapo ndipo Yusta aliponasa tangu ujana wake. Waliishi pamoja bila ndoa ya kanisani, na kwenye usharika wao wa Kilutheri mtu wa namna hiyo husali, hutoa sadaka, hupika kwenye harusi za wenzake, ila meza ya Bwana, ya mkate na divai, haisogelei. Kumwacha Jofrey hakuweza, maana alimpenda. Kumvuta nako hakuweza; mwanamume yule akishakunja mikono, maneno yamekwisha. Kule Mbalizi, kila siku ya meza, Yusta alitoka nje polepole pamoja na waliotengwa wenzake, wakaegemea ukuta na kuzungumza bei ya viazi.

Jumapili ya kwanza ya mwaka aliingia kanisani Mafinga, nguo zake tayari zikinuka mbao mbichi. Mwanamke mmoja mchangamfu, Mama Brayson, alimsogeza ndani ya benchi.

“Kamwene, mgeni! Sogea, sogea tu, ukuta hauumi.”

Mchungaji alihubiri habari ya kuvua utu wa kale, na moyo wa Yusta ukashika moto. Akaomba kimyamoyo, “Bwana, mwaka huu nipe na mimi kazi kwako.” Alipofumbua macho, aliona kitambaa cheupe. Kumbe meza imetandikwa! Atoke vipi? Kushoto ukuta, kulia magoti ya akina mama.

Watu walikwenda benchi kwa benchi, kwaya ikiimba. Mzee wa kanisa akafika kwao, akainua mkono.

“Twende, mgeni,” alinong’ona Mama Brayson.

Hakuna anayetujua. Kunyanyuka tu, basi. Magoti ya Yusta yalishaanza kunyooka. Lakini akawaza: nikienda, nimeuanza mwaka kwa kumdanganya mwenye meza, tena mezani pake. Akakaa.

“Nendeni tu. Mimi nabaki.”

“Unaumwa?”

“Siumwi.”

Mama Brayson alimtazama, akaelewa, akashusha macho. Benchi zima likaondoka. Yusta akabaki pale ukutani kama gunia lililosahauliwa sokoni, uso unamwaka. Sasa wamemjua.

Mwisho ikanyanyuka kwaya yenyewe kwenda mezani, na wimbo ukakatika. Waliorudi walikuwa wameinamisha vichwa wakiomba. Zikabaki sauti za viatu na kikohozi cha mzee fulani. Yusta aliujua wimbo ule. Miaka yote, akiwa nje kule Mbalizi, aliusikia kupitia dirisha, akiufuata kwa midomo tu. Aliona unaanguka na hakuna wa kuudaka. Akaudaka.

Sauti ilitoka na mikwaruzo, ikatetemeka, ikasimama imara. Nyuma yake mwanamume akajibu kwa besi. Kisha mwanamke, halafu kikongwe mmoja. Alipogeuka aliwaona, mmoja huku, mmoja kule, wamekaa kwenye mabenchi yaliyoachwa wazi: kumbe waliobaki kama yeye wapo wengi! Waliubeba wimbo mpaka mwanakwaya wa mwisho alipoinuka kutoka mezani.

Nje, Mama Brayson alimshika mkono.

“Siku nyingine ya meza utakaa wapi?”

“Mimi mezani siendi, mama.”

“Hilo nimeliona. Nauliza utakaa wapi.”

“Palepale ukutani.”

“Vizuri. Maana sisi wanakwaya tukienda mbele, tunaacha kimya cha matanga.”

“Kumbe u mwanakwaya? Mbona ulikaa na mimi?”

“Nilichelewa, usinitangaze!”

Nyumbani, Jofrey alikuwa kizingitini akinoa msumeno kwa tupa.

“Wamekupokea?”

“Wamenipa kazi.”

“Kazi gani?”

“Ya kubaki wengine wakienda mezani.”

Jofrey alicheka. Halafu akaacha kucheka, akainamia msumeno wake, ila tupa haikusogea. Yusta akampita, akaenda kuwasha jiko, wimbo bado uko kinywani, na mlango hakuufunga, ili Jofrey ausikie.