Kidole cha Bibi na Boga Lenye Kovu

Nilipokuwa mtoto, kidole changu cha shahada kilikuwa kitu cha hatari. Niliweza kukilambia asali, hata kumtekenya nacho mdogo wangu, lakini kulinyooshea boga changa, hapana. Boga likisontwa kidole huoza, alitufundisha Bibi. Ukitaka kumwonyesha mtu boga, kunja ngumi. Mpaka leo sokoni Kasongo nachagua maboga kwa ngumi, na wauzaji vijana wanadhani nimekuja kugombana.

Tulikaa upande wa Kabambare, kwenye njia ya Wamaza, wakati wa Wabelgiji, kila mwanamume alipolazimishwa kulima pamba. Msimu mmoja baba alibeba pamba yake kwenda kuiuza, akanyeshewa siku mbili njiani, akarudi na homa ya kifua. Hakumaliza wiki. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Petro mitano.

Baada ya mazishi, Baba Mdogo, nduguye baba, alitoa neno la ukoo. Katika ukoo wetu walisema mkono wa mjane una moto, mbegu anayoishika huungua ardhini. Kwa hiyo mama alipewa kipimo cha tangu zamani: apande kitu kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya kumaliza kilio, mavuno yakifika, awapikie wakubwa alichokivuna. Kikistawi, mkono wake ni safi, abaki nyumbani nasi. Kikioza, hata tunda moja tu, basi moto ule ndio uliomuua mumewe. Angerudi kwao na kikapu chake, na sisi watoto tungebaki kwa ukoo wa baba. Aliyesema hayo kwa ukali kuliko wote alikuwa Bibi, mama mzaa baba. Nilimchukia, sifichi.

Jambo la ajabu ni kwamba walimtaka apande, na hapo hapo hakuna aliyekubali kumpa mbegu, maana kumpa mjane mbegu ni kuharibu zako. Mama alizunguka nyumba saba akarudi mikono mitupu. Jioni ile alikaa jikoni akitazama juu, akakiona kibuyu kidogo cheusi kwa masizi, kilichoning'inia juu ya mafiga. Alikishusha, akakitikisa. Kililia. Baba alikuwa ameweka humo mbegu za maboga za msimu uliopita, naye hakumwambia mtu. Mama alizimwaga kwenye kanga yake, akalia kwa sauti kama ambavyo hakulia hata kaburini.

Tulizipanda nyuma ya jiko, mahali tulipozoea kumwaga majivu. Petro, ambaye tangu msiba alikuwa anashinda mlangoni akimngoja baba na kula kidogo kama ndege, alipewa kazi ya kumwagia maji. Asubuhi ya nane nilimsikia akicheka. Nilikimbia nikidhani ameshikwa na wazimu. Miche ilikuwa imetoka, mingine bado imebeba ganda la mbegu kichwani, na Petro alikuwa ameinama akiivua kofia mmoja mmoja.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilianza kupumua. Pamba watu waliilima kwa kuogopa fimbo. Maboga hakuna aliyetuamuru. Mama alipalilia huku akimsimulia baba habari za kijiji, na siku nyingine alimgombeza kwa kuficha mbegu. Tulikula majani, tukakaanga maua. Petro alirudisha mashavu yake. Bibi peke yake hakukanyaga bustani. Alihamisha kigoda chake upande wa pili wa nyumba yake ili asiione.

Maboga yalipofika kumi na moja, mimi na Petro tuligombana ni lipi kubwa zaidi. Alisema ni lake. Mimi nilisema, "Hapana, ni lile pale," na kabla sijajua nafanya nini, kidole changu kilikuwa kimenyooka.

Nilikiuma mpaka damu ikatoka. Petro hakuelewa, na mama sikumwambia. Siku ya tatu nilipapasa chini ya boga lile, tumboni, nikakuta pameanza kulainika na kutoa maji. Zilibaki wiki tatu kufika siku ya kumaliza kilio. Nilijua nimemfukuza mama yangu kwa kidole kimoja. Woga ule siwezi kuueleza hata sasa.

Nilikwenda kwa Bibi kwa sababu moja tu: dawa za mambo hayo alizijua yeye. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia amefurahi sasa, mama ataondoka kama baba alivyoondoka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba bibi mkali yule alikuwa na jeraha.

"Wewe umepoteza baba," alisema. "Mama yako amepoteza bwana. Mimi nimepoteza mutoto. Sasa kama tunafukuzana, nani atabakia mu hii nyumba?"

Akashika fimbo yake, tukaenda. Mama alikuwa mtoni. Bibi alisimama kwenye ukingo wa bustani muda mrefu akiyatazama yale maboga ya mwanawe. Kisha akapiga magoti, akaligeuza boga langu kwa upole kama mtu anayemgeuza mgonjwa, akakwangua pale palipolainika mpaka akafika penye nyama ngumu.

"Kidole chenye kimeharibu, ndicho kitaponyesha," alisema, akanipa majivu makavu.

Nilipaka. Tukatandika majani makavu ya mpunga, tukalilaza boga juu yake, lisiguse tena udongo wenye maji. Kila asubuhi nilipaka majivu kwa kidole kilekile, Bibi amesimama kando yangu. Siku ya nne mama alitukuta. Aliweka mtungi chini, akaanza kupalilia upande wake. Baada ya kitambo Bibi naye akainama, akang'oa magugu upande wake. Walikutana katikati.

Jeraha la boga lilikauka, likafanya kovu la kijivu pana kama kiganja changu.

Siku ya kumaliza kilio wakubwa walikaa uani. Mama alipika maboga kumi, na lile la kovu, asije akaambiwa ameficha kitu, liliwekwa mbele yao zima. Baba Mdogo aliliona kovu, akasema boga hili liliguswa na uozo, kwa hiyo kipimo hakijapita. Mama aliinamisha kichwa. Nilimshika Petro mkono.

Ndipo Bibi alipoinuka kwenye kigoda chake. Alinyoosha mkono, akakunjua kidole, akalisonta lile boga mbele ya ukoo mzima. Watu walishika vinywa.

"Nalisonta mimi mwenye nilizaa marehemu," alisema. "Liwekwe mu nyumba yangu. Likioza, mukwe wangu aende, na mimi nitaenda naye. Kama haliozi, mutu asiseme tena juu ya mukono wake."

Boga lilikaa kwa Bibi kiangazi chote, na mvua zilipoanza, mama alilipasua mbele ya Baba Mdogo. Ndani lilikuwa jekundu, kavu na tamu. Baba Mdogo alikula, akaomba mbegu. Mama alimpa kwa mkono wake, akazipokea kwa mikono miwili.

Wajukuu wangu waliosoma huniambia kwamba Bibi alikuwa ameacha ushirikina. Hapana. Bibi aliamini mpaka anakufa, na baada ya siku ile sikumwona tena akisonta boga. Angekuwa haamini, kidole kile kisingekuwa na uzito wowote. Alimtanguliza mama yangu mbele ya hofu yake kubwa kuliko zote, kwa kuwa alimpenda mwanawe na hakuwa na mahali pengine pa kuupeleka upendo ule.

Kibuyu cheusi sasa kinaning'inia jikoni kwangu, na mbegu zimo. Maboga nayaonyesha kwa ngumi, kama nilivyofundishwa. Kidole nakitunza kwa siku nitakayoona mtu anafukuzwa nyumbani kwake.