Mshale wa Kushoto Uliofuta Watu wa Kudhaa

Siku yangu ya kwanza kazini Kismayo sikupewa kompyuta, nilipewa brashi. Kibodi za ofisi zilikuwa zimeliwa na chumvi, nikang'oa vitufe kimoja kimoja nikavisugua. Shule niliiacha darasa la tatu tulipokimbilia Mombasa. Yaliyobaki nilijifundisha kwenye duka la kutengeneza kompyuta, na nayajua kuliko wengi wenye vyeti.

Kwa hiyo nisikilizeni. Ukibonyeza A, kompyuta hupokea alama moja. Lakini kwenye terminali, lile dirisha jeusi la maandishi matupu, mshale wa kushoto hutuma alama tatu zikifuatana: ile ya Esc, kitufe cha kutoka, ya bano la mraba, kisha D kubwa. Programu ikiona Esc lazima ingoje kidogo ijue kama zipo nyingine nyuma yake. Isipongoja, itadhani umebonyeza Esc peke yake, yaani unataka kutoka.

Baadaye nilihamishiwa idara iliyoandikisha jamaa zetu waliorejea visiwani, kusini mwa Kismayo. Mwenye jina alipewa karatasi ya kiwanja. Asiye na jina alibaki mgeni kwao alikozaliwa. Programu aliitengeneza Fundi Mkuu, kijana aliyerudi na shahada ya Ulaya. Seva, kompyuta kuu yenye orodha yote, ilikaa Kismayo. Makarani wa visiwani, na wa Burgao upande wa bara, waliifikia kwa mtandao wa setilaiti, mzito kama uji. Karani wa kisiwa cha Kudhaa alikuwa Bi Zuhura.

Majina ya Kudhaa yakaanza kupotea. Ikavuma kwamba Zuhura ameuza viwanja vya watu, na wazee wakamsema msikitini. Mkurugenzi akamsimamisha kazi. Nilichemka.

"Burgao wana mtandao ule ule," Fundi Mkuu aliniambia, "na halijapotea hata jina moja. Anafuta yeye. Tazama rekodi: D, D, D."

"Umejaribu mwenyewe?"

"Hapa ofisini nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Adeer, ami yangu, rudi kwenye brashi yako."

Nikaenda Kudhaa. Nilimwomba Zuhura akae kwenye kiti chake afanye kama siku zote, nikamwita Mzee Shee, mmoja wa waliopotelewa na jina, tena mmoja wa waliomsema. Zuhura akamuuliza jina. Mzee akaanza na ukoo wake, akashuka kwa babu, akaja kwa baba, jina lake akalitia mwisho, kama wazee wetu wanavyojitaja. Zuhura akawa anajaza kuanzia kisanduku cha mwisho, cha ukoo, akirudi nyuma kwa mshale wa kushoto.

"Mbona usimuulize lake kwanza?"

"Ami, mchu mzima nimkatize?" aliniuliza kwa lahaja yetu ya visiwani.

Karani wa Burgao, nilipomuuliza kwa simu, alikuwa akiwakatiza, kisanduku kwa kisanduku, wala hakurudi nyuma. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kutoka Kudhaa, Esc ilifika Kismayo peke yake, wenzake wakichelewa njiani. Programu haikungoja, ikatoka kwenye fomu, ikarudi kwenye orodha ya majina. Kisha likafika bano, lisilo na kazi pale, na D nyuma yake. Na kwenye orodha, Fundi Mkuu alikuwa ameipa D kazi ya kufuta jina, bila hata kuuliza "una hakika?" Adabu ya Zuhura ikawa inafuta watu!

Nilirudi Kismayo, nikaichelewesha kwa makusudi laini ya ofisini, nikamwambia Fundi Mkuu abonyeze mshale. Jina likatoweka chini ya kidole chake.

"Kasoro ndogo," alisema. Aliirekebisha kabla ya adhuhuri.

Mkurugenzi akaniita. "Kamwambie Zuhura arudi kazini. Amesamehewa."

"Amesamehewa nini?"

"Mzee, usikuze mambo."

Nilimtaka aandike barua isomwe palepale Zuhura aliposingiziwa, msikitini, kwamba kosa ni letu. Alikataa. Nikaziweka funguo za chumba cha seva mezani kwake. Faili linasema nimestaafu, na liseme.

Vijana mnaoandika programu, mkisikia mtumiaji ndiye mjinga, kakaeni kwenye kiti chake, kwenye mtandao wake, mbonyeze anachobonyeza. Kuna watu wana digrii na hawajafanya hivyo hata siku moja.

Ijumaa iliyofuata nilisimama msikitini Kudhaa, sina cheo, nikaeleza habari ya zile alama tatu. Sidhani wote walielewa. Mzee Shee alielewa. Alivaa viatu, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Zuhura, akapiga hodi.

"Mwanangu," akasema, "wa kusamehewa ni sisi."