Nilivyompeleka mbwa wangu zahanati ya kambi

Ninyi mnaoniona mjanja, sikieni upumbavu wangu. Asubuhi moja ya ukungu na baridi nilimfunga mbwa wangu mdogo mgongoni kwa kitenge, maana alitetemeka, na mimi rafiki yangu simtupi. Nikapita kambini, kando ya foleni ya zahanati.

Mzee mmoja akacheka. "Mwanaume anabeba mtoto! Mama yake yuko wapi?"

Mwenye akili angempa shikamoo, aseme ni mbwa. Mimi nikafoka: "Mama yake amekufa! Na huyu anaumwa kuliko ninyi wote!"

Kufa alikufa kweli, aligongwa na lori la mahindi. Lakini foleni nzima ikaamini ni mtoto. Mama wa mbele kabisa, mtoto wake anawaka homa, akanishika mkono. "Pole, baba. Tangulia. Wangu bado ana mama."

Nikaona haya kusema ni mbwa. Nikaingia kama bwege, yeye akinishikia turubai la mlangoni.

Nesi akamlaza mgonjwa wangu kitandani, akafunua kitenge. Mkia ukatikisika.

Watu wakaangua kicheko. Yule mama hakucheka.

"Toa mbwa wako," akasema, "nimlaze mtoto."