Jina Kabla ya Solo

Kivuva wa Kalamba alikuwa mkulima wa mbaazi na mpiga solo wa Vumbi Boys, bendi iliyopiga gitaa kwa kasi na kelele hadi wazee wa kanisa wakasema shetani amehamia Makueni. Wazee hao hao walionekana nyuma ya ua wakitikisa vichwa kufuata mdundo, lakini tuwaache.

Kwa bendi za gitaa za Ukambani, jina la mtu ni lile mwimbaji analoliita katikati ya wimbo, pale maneno yanapokwisha na solo inaachiwa uwanja. Ukiitwa, umeitwa: kila hoteli yenye redio kuanzia Salama hadi Kambu itakujua, hata ukishazikwa. Kivuva hakutaka kitu kingine duniani. Na mwimbaji wao, Musembi, aliyechunga naye mbuzi utotoni na kulala naye blanketi moja, alikuwa amemwahidi.

Mwaka wa 1976 wakaenda Nairobi kurekodi. Fundi wa studio alitaka magitaa kwanza, sauti kesho yake. Kivuva alipiga solo yake mara moja tu na fundi hakumwambia arudie. Musembi akampiga begani. "Wewe rudi nyumbani, Kivuva. Mvua imeanza na bibi yako ako peke yake shambani. Mimi nitamalizia hapa."

Akarudi, bila wasiwasi wowote.

Santuri ilipofika sokoni, Khamisa mwenye hoteli aliiweka kwenye gramafoni yake. Kivuva akaja na mkewe Kaluki, amevaa shati la Krismasi. Wimbo ukaenda, maneno yakaisha, na sauti ya Musembi ikapaa: "Mutunga, mwana wa Kambu, ongelesha hiyo gitaa!" Halafu vidole vya Kivuva vikaanza kupiga ndani ya santuri.

Mutunga alikuwa mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na baba yake ndiye aliyeipa bendi spika. Gitaa alilishika siku ya kupigwa picha tu.

"Si huyo ni wewe anapiga?" Kaluki akauliza.

Kivuva alijiona amevuliwa nguo mbele ya watu, na aliyemvua ni rafiki yake. Alipomwendea Musembi, jamaa hata hakuinamisha uso. "Bila spika hakuna bendi, bwana. Wimbo ya pili ni yako, haki ya Mungu."

Kivuva akaamini, maskini. Wimbo wa pili ukamwita chifu, wa tatu ukamwita mwenye baa ya Salama. Mwishowe bendi ikavunjika, na Mutunga akarudi kuuza misumari. Ule wimbo wa kwanza ndio uliokataa kufa. Vijana walijifunza solo ile kutoka kwenye kaseti, na kwa kuwa hawakumjua mwenyewe, mtindo wote wakauita mutunga. "Hebu tupigie mutunga," watu walisema harusini. Kivuva akilisikia neno hilo moyo ulimchoma, naye hakumwambia mtu kuwa solo ni yake, hata watoto wake.

Mwaka wa 1993 alimwoza binti yake Nzilani pale Salama. Musembi, mvi kichwa kizima, akaja kuimba pamoja na bendi ya vijana. Kivuva alimvuta kando.

"Sikuombi zawadi. Leo mimi ndiye napiga. Niite mara moja tu, mtoto wangu asikie."

"Nilikukosea, ndugu yangu," Musembi alisema. "Leo nakuita."

Na kweli alimwita. Maneno yalipoisha alinyanyua maikrofoni na kusema, "Kivuva, mwana wa Kalamba!" Vijana wakaacha kucheza, wakatazamana. Mmoja akacheka, "Mzee amesahau wimbo yake!" Wengine wakapokea, "Ni Mutunga! Ni Mutunga!" Nzilani mwenyewe alikuwa anacheka ndani ya shela yake. Musembi akaangalia umati, akamwangalia Kivuva, kisha naye akacheka. "Poleni, ni uzee," akasema. "Mutunga, mwana wa Kambu!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kivuva akainua vidole kutoka kwenye nyuzi. Ngoma iliendelea peke yake, gitaa kimya, mpaka watu wakaanza kuuliza kulikoni.

"Mutunga hajafika," Kivuva alisema. "Mngojeni."

Akaliacha gitaa juu ya kiti, akaenda kuketi karibu na Kaluki. Kijana wa bendi akalichukua, akaipiga solo yote kama ilivyo kwenye kaseti, bila kukosea hata mahali pamoja. Watu wakarudi kucheza, Nzilani mbele yao, akimpungia baba yake mkono aje. Kivuva hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa vinapiga juu ya goti, na Kaluki akavifunika kwa leso yake ili watu wasione.