Pinga Kipimo, Jina Liache

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka siwezi kukaa. Nainuka, nazunguka chumba, nakunywa maji bila kiu. Ni siku tuliyonyimwa kazi ya kutunza kompyuta za idara moja ya serikali hapa Kigali, mwaka mmoja hivi kabla ya yale yaliyotupata.

Nilikuwa fundi kijana katika karakana ya Mzee Sefu, Nyamirambo. Mzee alianza na redio, na kompyuta zilipoingia akazifuata hadi Nairobi kujifunza. Alikuwa na sheria moja aliyotuimbia kila asubuhi: usitaje kilichoharibika kabla hujafungua mashine. Kwa sababu ya vita vya kaskazini kazi zilikuwa zimekauka. Tukiikosa zabuni ile, karakana inafungwa. Nami nilikuwa nimeshaposa binti kule Kabuga, na baba mkwe hakuwa mtu wa kusubiri.

Tangazo lilisomwa redioni, kila mtu akasikia: kila mshindani atapewa mashine mbovu aitengeneze mbele ya kamati, na jaribio hilo ndilo litakalopewa alama nyingi. Tukaenda. Mashine yetu iliwaka washindani wetu wakiwa bado wanahangaika na skurubu. Nilitoka pale natembea kama bwana harusi! Lakini majibu yalipotoka, mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mwembamba wa miwani, alitueleza kwamba wenzetu wameshinda kwa diploma zao za Ulaya. Na jaribio je?

"Lile lilikuwa la kutazama tu," akasema. "Nasi tumetazama."

Kutazama! Hata leo neno hilo linaniwasha.

Sikurudi kazini. Niliteremka hadi stendi ya Nyabugogo, nikipigana vikumbo na wachukuzi, mpaka kwenye kibanda cha mishikaki alikokuwa akishinda rafiki yangu wa shule. Siku hizo alivaa kofia ya chama na filimbi shingoni, na wenzake walikuwa wengi. Nikamwambia tumedhulumiwa, mwenyekiti amekula rushwa. Akacheka.

"Sasa unalia nini, sha? Nipe jina yake na pale anakaa. Sisi tutaongea na yeye."

Jina nililijua. Hata njia ya kwake, kule Gahanga, niliijua. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni mazoea tu, maana pale karakanani hakuna aliyesema lolote kwa niaba yetu kabla mzee hajasikia. Nikamwambia rafiki yangu nitarudi.

Mzee Sefu alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuchomelea. Nilipofika kwenye rushwa, akaweka chini kifaa chake.

"Uliuona mkono ukipokea?"

"Sikuuona, mzee. Lakini kila mtu anajua..."

"Hujafungua mashine, unataja kilichoungua! Ni mimi niliyekufundisha hivyo?" Sauti ilimpanda, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Na huyo wa filimbi anataka jina la nini? Atalitengeneza? Kesho tutakwenda kupinga kipimo. Walitangaza watapima hivi, wamepima vile. Hilo tumelisikia sote. Jina la mtu mwachie mama yake aliyempa."

Usiku ule sikulala vizuri, nikidhani mzee ameogopa. Kesho yake, mbele ya washindani wote, alisimama na kofia mkononi, akamwomba mwenyekiti arudie yale yaliyosomwa redioni. Bwana yule akayarudia, na kila neno likamwia zito zaidi. Ndipo mzee akasema, "Basi pimeni kama mlivyosema. Tukishindwa, tutawapa wenzetu mkono." Hakumtukana mtu. Kamati ikapima upya, na kazi tukaipata.

Hatukuimaliza. Aprili ya mauaji ilifika, na Mzee Sefu ni miongoni mwa wale tusiojua hata walipolala. Watu wengine walimpa rafiki yangu wa filimbi majina mengine. Najua yalikoishia, sitayasimulia hapa.

Miezi ilipita. Siku moja, palepale Nyabugogo, mtu akanishika bega. Alikuwa yule mwenyekiti, amekonda zaidi, miwani imefungwa kwa uzi, na binti yake kamshika mkono. Akaniita kwa jina langu. "Siku ile sikula kitu cha mtu," akaniambia. "Diploma za Wazungu zilinitisha tu. Yule mzee wenu yuko wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa jina lake. Mwanangu, halikutoka. Ni jina lilelile nililokaribia kumpa yule wa filimbi. Nilimtazama yule mtoto, nikalia mbele ya wachukuzi.

Sasa sikiliza. Ukidhulumiwa usinyamaze, kunyamaza si adabu, na mzee wangu hakunyamaza. Nenda kwa aliyekupima, umuulize alisema atapima kwa kipimo gani na amepima kwa kipimo gani. Lakini usiseme usichokiona, na usimpe yeyote anayeuliza kwa kicheko jina la mtu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kazi tungeweza kuikosa, tukatafuta nyingine.

Mola akupe haki yako ikiwa safi, isiyo na chozi la mtoto wa mtu ndani yake. Na siku jina lako litakapofika kwenye meno ya mwenye hasira, amjalie naye mzee wa kumuuliza: umeona? Amina.