Filamu Haikutaja Jina, Mbona Alisimama?

Admin, nifichie jina na shule, maana huku Ngara tunajuana mpaka kwa mwendo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nafundisha Historia sekondari. Baada ya vipindi nawafundisha wanafunzi kutengeneza filamu, vifaa vyetu ni simu yangu na shuka jeupe ukutani. Niliwaeleza kwamba filamu za mwanzo hazikuwa na sauti, watu walielewa kwa macho na mikono. Wakachangamka, "Madam, na sisi tutengeneze ya kimya!"

Hadithi aliitunga binti wa kidato cha tatu, nimwite Neema. Mwalimu anamtuma mwanafunzi apeleke madaftari nyumbani kwake. Binti anabisha hodi, mlango unafunguliwa, mkono unamvuta aingie. Anajinasua, madaftari yanamwagika, anakimbia. Basi. Sura ya mwalimu haionekani.

Tuliionyesha siku ya wazazi. Ulipotokea ule mkono tu, mwalimu wa taaluma akainuka: "Zima hiyo! Mmenilenga mimi!" Jamani, nani alimtaja?

Wiki hiyohiyo Neema akasimamishwa masomo, eti kachafua jina la shule. Yule mwanaume hakuulizwa hata swali moja! Anaingia darasani kama kawaida, akinipita anapiga mluzi.

Nikamfuata Neema kwao. Alilia sana, akasema, "Madam, hakunivuta mimi peke yangu." Mama yake akaniuliza, "Mwarimu, aliyesema ukweri anafukuzwa, mwenye kosa anabaki?" Baba yake ameshasema shule imeisha, binti ashike jembe.

Nilipomwendea mkuu wa shule, akaniambia, "Andika kwamba hadithi uliitunga wewe, umwombe radhi mwenzako. Mtoto anarudi Jumatatu."

"Na huyu aliyejitaja mwenyewe, mkuu?"

"Usinifundishe kazi, madam."

Nikiandika, Neema anarudi, lakini anarudi kwa mtu yuleyule, na siku wenzake wakifungua mdomo nani atawaamini? Nikikataa, ataendelea kupalilia mihogo huku wenzake wakipita na sare.

Wazazi, walimu wenzangu, na nyie mnaojua sheria, angekuwa binti yako, ungetaka mwalimu wake afanye nini? Niambieni kabla ya Jumatatu.